Nini Kinaingia Mlangoni Kwanza? Programu za Kutengeneza Muziki na Mwendo wa Kazi Studioni



Wakikutana maprodyuza wawili, salamu haziishi kabla ubishi wa programu haujaanza. Huyu anasema FL ndiyo yenye besi nzito, yule anaapa kwamba Pro Tools ina sauti safi zaidi, na wa tatu, aliyejinyima hadi akanunua MacBook, hataki kusikia habari nyingine zaidi ya Logic. Naomba tuuweke ubishi huo pembeni, maana mtu yeyote humu ukumbini anaweza kuupima mwenyewe. Chukua faili nane za WAV, ziweke katika programu mbili, bila plagini hata moja, feda zote zikiwa sifuri. Toa miksi kutoka kila programu, ziweke zote mbili katika mradi mmoja, kisha geuza fezi ya moja. Zitafutana, hutasikia kitu. Zisipofutana, tafuta sababu kwenye kanuni ya pani, kwa kuwa programu moja hupunguza sauti iliyo katikati kwa desibeli tatu na nyingine haipunguzi, au kwenye programu iliyonyoosha faili bila kuulizwa. Besi nzito ya FL imetokana na sampo na plagini alizozizoea mwenye FL.

Tofauti za kweli ziko kwenye mwendo wa kazi: ukiifungua programu unakutana na nini, inakulazimisha kuamua nini mapema, na inakuachia nini ukiamue baadaye. Kwa hiyo prodyuza anayetaka kuchagua programu aanze kwa kutazama mlango wa studio yake. Kinachoingia kwanza ni biti, ni mpigaji, au ni mwimbaji mwenye maneno yake kwenye simu na saa mbili alizolipia?

Biti ikianza

FL Studio ilizaliwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin katika kampuni ya Image-Line, ikabadilishwa jina mwaka 2003. Asili yake ilikuwa safu ya vitufe kumi na sita: bonyeza cha kwanza kiki inalia, bonyeza cha tano inalia tena. Leo programu ni kubwa mno, lakini asili hiyo haijafutika. Unaanza na Channel Rack, unatengeneza patani, unazipanga patani kwenye Playlist. Patani moja ukiitumia mara ishirini, ukirekebisha kiki moja tu, mahali pote ishirini hurekebika. Kwa muziki unaojengwa juu ya mzunguko, yaani bongo fleva, singeli, gengetone, sijaona programu inayokufikisha kwenye biti inayosikilizika haraka kuliko hii. Piano Roll yake ina sifa duniani kote, na inastahili: unapoandika besi unaona noti za kinanda kwa kivuli nyuma yake, hivyo hupapasi gizani kutafuta zinakolingana.

Ila kuna jambo moja linalowasumbua sana wanaoingia FL kutoka programu nyingine, na wanaotoka FL kwenda kwingine. Katika Pro Tools, Cubase, Logic au Reaper, trak unayoiona ni kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho: sauti inakaa hapo, feda yake ni hiyo, efekti zake ni hizo. Katika FL, kwa desturi yake, mstari wa Playlist ni mahali pa kulaza vitu tu. Unaweza kulaza ngoma, vokali na kinanda kwenye mstari mmoja. Sauti inapita wapi kwenye mixa ni suala jingine, linaloamuliwa kwa namba ya chaneli. Siku hizi unaweza kufunga mstari na chaneli yake pamoja, lakini wengi wetu tulijifunza kwa mtindo wa zamani na hatujawahi kugusa kipengele hicho. Likumbukeni jambo hili, kwa sababu litarudi kutudai tutakapofika kwenye stemu.

Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, mikononi mwa watu waliokuwa wakipiga muziki wa elektroniki jukwaani, Gerhard Behles na Robert Henke wakiwa miongoni mwao. Ndiyo maana ukiifungua hukutani na mstari wa muda. Unakutana na Session, jedwali la vyumba ambamo kila chumba kina klipu, na kila klipu inaweza kuanza kulia wakati wowote huku programu ikiisubirisha hadi mwanzo wa ba. Unaahirisha uamuzi mzito kuliko wote, yaani wimbo uwe na umbo gani. Ukisharidhika unabonyeza Tab, unahamia Arrangement, na mchezo ulioucheza kwenye vyumba unaweza kurekodiwa humo kama wimbo mzima. Logic nayo imeongeza jedwali la namna hiyo mwaka 2020 na kuliita Live Loops.

Live inasifiwa kwa Warp, uwezo wa kunyoosha sauti ifuate tempo. Uwezo huo huo una mtego wake. Vokali ndefu ikitoka studio nyingine, Live inaweza kukisia tempo ya faili, ikakosea, na mwimbaji akaanza kuteleza mbele na nyuma ya biti. Mteja anadhani ameimba vibaya, kumbe ni kitufe cha Warp. Kizime kwenye klipu ya vokali kabla hujamwita arudi kurekodi.

Mwimbaji mlangoni

Hapa ndipo studio nyingi zinapopata hela yake, na hapa ndipo naona mazungumzo yetu ya programu huwa mafupi mno. Tuchukue kiitikio cha ba nane. Mwimbaji anakiimba mara sita mfululizo. Mstari wa kwanza umetoka vizuri kwenye teki ya pili, wa pili kwenye teki ya tano, na lile neno la mwisho lenye kupanda juu limekaa kwenye teki ya kwanza peke yake, kabla koo halijachoka. Unahitaji kuunda teki moja kutoka sita, na mwimbaji amesimama nyuma ya kioo anakuangalia.

Kwenye Logic, teki sita zinakaa ndani ya folda moja, unaifungua zinashuka chini yake, unatelezesha mausi juu ya kipande unachokitaka katika kila teki, na mpaka kati ya vipande unalainishwa wenyewe. Kazi inakwisha mwimbaji hajamaliza chupa ya maji. Pro Tools, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1991 na baadaye ikawa lugha ya studio kubwa za Marekani, huzipanga teki kama orodha chini ya trak, nawe unapandisha juu kipande ulichokichagua. Reaper ilikuwa na teki zake tangu zamani, lakini njia yake ilikuwa ya kujitafutia. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2023, likaleta njia za ndani ya trak na uchaguzi wa kutelezesha kama ule wa Logic. Live ilipata uchaguzi wa namna hiyo katika toleo la 11, mwaka 2021. Katika FL kila rekodi huwa klipu inayojitegemea kwenye Playlist. Unaikata, unaizima, unaisogeza, na mpangilio unakuwa wa kwako mwenyewe. Inawezekana, na nyimbo nyingi tunazozicheza harusini zimerekodiwa hivyo, lakini mwimbaji atasubiri. Jingine: kwa miaka mingi toleo la bei ya chini la FL, lile la Fruity, halikuruhusu klipu za sauti kabisa. Mwenye kutaka kurekodi watu asome vizuri orodha ya vipengele vya toleo analonunua, asije akalipia mashine ya biti akidhani amelipia studio.

Kwa sababu hiyo utakuta maprodyuza wanaotengeneza biti kwenye FL, kisha wanaitoa kama faili na kuingizia vokali kwenye Cubase au Reaper. Wapo wanaowacheka. Mimi nasema wameelewa kazi yao.

Reaper yenyewe nitaisemea kidogo kwa upendeleo. Mwandishi wake ni Justin Frankel, yule aliyetupa Winamp. Leseni yake ya bei ndogo ni dola 60, muda wa majaribio ni siku 60 ukiwa na programu nzima, faili la kuisakinisha ni dogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la siku, na unaweza kuiweka kwenye flashi ukaenda nayo studio ya mtu. Trak zake hazina aina: ile ile inabeba sauti, midi, au inakuwa folda ya trak nyingine kumi. Kinachowakimbiza watu ni kwamba ukiifungua haikukaribishi na chochote, haina ala za kuvutia, haina lupu. Kwa anayerekodi kwaya, mashairi, vipindi vya redio, au bendi, huo si upungufu. Kwa kijana anayetaka biti leo usiku, ni upungufu mkubwa. Na ukilinganisha na jaribio la FL, ambalo linakuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena mpaka ulipie, utaona kwamba hata majaribio yana mwendo wake wa kazi.

Umeme

Sijui kama kuna mwandishi wa makala za programu kule Ulaya anayelipa swali hili uzito. Umeme ukikatika katikati ya teki, unabaki na nini? Pro Tools hutunza nakala za mradi kwenye folda yake ya akiba, na mpangilio wake wa kawaida ni nakala kila baada ya dakika tano, ikiweka kumi za mwisho. Logic hujihifadhi yenyewe. Reaper na FL zote zina mpangilio wa nakala za muda kwa muda, lakini usiamini tu kwamba umewekwa unavyotaka, ingia kwenye mipangilio ukautazame. Live huwa inajaribu kukurudishia kazi inapofunguliwa tena baada ya kuzimika ghafla, ila hiyo ni huruma, si mpango. Anayetumia kompyuta ya mezani bila yu-pi-esi azoeshe kidole kubonyeza kuhifadhi kila teki inapokwisha.

Muziki usiokaa kwenye vitufe kumi na viwili

Programu hizi zimeandikwa na watu waliokulia kwenye kinanda cha kizungu, na hilo huonekana unapoleta taarabu. Maqam ya Rast ina noti ya tatu na ya saba zinazokaa kati ya mbili za kinanda. Fidla, udi na kanuni za Unguja zinazipata bila shida, nawe ukirekodi kwa maikrofoni programu haina neno. Shida inaanza unapotaka kinanda cha kompyuta kifuatane na fidla hiyo. Logic inakuwezesha kushusha au kupandisha kila noti kati ya kumi na mbili kwa mradi mzima, na kwa Rast hiyo inatosha. Live, katika toleo la 12 la mwaka 2024, imeleta mifumo ya tyuning ambamo hata Piano Roll inabadilika ikafuata ngazi uliyoichagua. FL inaruhusu kusogeza noti moja moja, kwa ala zake yenyewe. Na tafadhali, anayeweka Auto-Tune kwenye sauti ya mwimbaji wa taarabu ajue kwamba ikiachwa kwenye noti zote kumi na mbili itaivuta ile noti ya kati hadi kwenye kinanda, na wimbo utageuka kitu kingine.

Singeli, kwa upande wake, haina mgogoro. Mapigo 200 hadi 300 kwa dakika yanaingia bila tabu: FL inafika 522, Live 999.

Kukabidhi kazi

Sasa deni la FL. Mradi wa FL haufunguki Logic, wala wa Live haufunguki Pro Tools. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa umbizo la wazi linaloitwa DAWproject ili mradi uweze kuhama na vitu vyake, lakini wengi wa wateja wetu hawako huko. Tunachokabidhiana ni stemu. Live ina chaguo la kutoa trak zote moja moja, Logic nayo hivyo hivyo, Reaper inatoa trak ulizozichagua. FL ina chaguo la kugawanya kwa chaneli za mixa. Angalia neno hilo: za mixa, si za Playlist. Kama kiki na sneya zimepitia chaneli moja, zitatoka faili moja na fundi wa miksi hataweza kuzitenganisha. Kama kinanda hakikupewa chaneli kikaenda moja kwa moja Master, hakitakuwa na faili lake kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutoa, kila chombo kipewe namba yake na jina lake.

Faili zote zianze ba ya kwanza hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, ziwe biti 24, tempo iandikwe kwenye jina la folda, na vokali zitoke mara mbili, pamoja na efekti na bila efekti. Baada ya chai kila kundi litapewa mradi mmoja wa FL wenye chaneli zilizochanganywa makusudi, na litatakiwa kuukabidhi kwa kundi la pili linalotumia Reaper, bila kupigiana simu.