Samatta alipitia Lubumbashi



Katika baraza zetu za Mji Mkongwe, jioni za Jumamosi watu wanaposubiri mpira wa Uingereza, kuna hukumu moja inayotolewa kwa wepesi sana: "Samatta? Aa, yule alishindwa Ulaya." Anayeitoa husema hivyo akarudi kwenye kahawa yake, na hapana anayembishia. Leo nataka tuikatie rufaa hukumu hiyo. Samatta mwenyewe hahitaji wakili. Ninaowafikiria ni watoto wanaosikiliza maneno hayo, wale wanaocheza Mao Zedong na Mnazi Mmoja.

Tuanze na hiyo Uingereza. Mbwana Ally Samatta alisajiliwa na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya huko. Tarehe 1 Februari, katika mchezo wake wa kwanza wa ligi hiyo, dhidi ya Bournemouth, alifunga kwa kichwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, alikuwa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ikaja krosi, akajirusha, akafunga tena kwa kichwa. Villa walifungwa 2-1. Ndani ya siku chache ikaingia korona, ligi ikasimama hadi Juni. Iliporejea, Villa walikuwa wanapigania roho yao wasishuke daraja, wakasalimika siku ya mwisho kabisa. Samatta hakufunga tena, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki.

Hiyo ndiyo kesi nzima: nusu msimu na mabao mawili. Sisemi kwamba hakukosa nafasi, alikosa. Lakini mshambuliaji wa aina yake hula alichopikiwa. Kazi yake ni kumhadaa beki, kuingia mbele ya goli kwa wakati wake na kumalizia. Timu inapokaa langoni kwake ikiokoa dakika themanini, mtu wa mbele hugeuka mtazamaji mwenye jezi. Kumpima mfungaji kwa miezi ile ni sawa na kumpima mvuvi kwa wiki ya kusi kali.

Sasa tutazame ile sehemu ambayo barazani haizungumzwi.

Samatta, mtoto wa Mbagala aliyezaliwa 1992, alianzia African Lyon, akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mazembe hao hawakuwa timu ya kawaida. Walikuwa mabingwa wa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 walicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan kule Abu Dhabi. Simba walifungwa nyumbani na ugenini, lakini wakubwa wa Mazembe waliondoka na jina la kijana yule vichwani mwao. Mwaka huo huo wakamchukua. Alikuwa na miaka 18.

Wapo waliosikitika. Kijana mwenye kipaji kama kile, badala ya kwenda Ulaya anakwenda Kongo! Mimi nasema hakuna hatua bora aliyopata kuichukua maishani mwake. Kwanza, Lubumbashi huongea Kiswahili. Si hiki cha kwetu, kina ladha yake na maneno yake ya Kifaransa, lakini ni Kiswahili, lugha iliyoingia bara kwa misafara ya biashara iliyokuwa ikifungwa hapa Unguja, kisha ikakuzwa na migodi ya shaba ya Katanga. Kijana wa miaka 18 aliye mbali na mama yake akiweza kuomba chakula na kuelewa anachofokewa na mwalimu wake, amepunguziwa nusu ya mzigo. Na hakuwa peke yake, kwani Mtanzania mwenziwe Thomas Ulimwengu naye alikuwa huko.

Pili, na hili ndilo kubwa, alicheza. Alikaa Mazembe mpaka mwisho wa 2015, na kila mwaka ilikuwa ni safari za Misri, Tunisia, Algeria, Sudan, kwenye viwanja ambavyo mabeki hawana huruma na mashabiki hawana adabu. Mwaka 2015 alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa, akawa mfungaji bora sawa na mwenzake mmoja wa Al-Merrikh. Katika fainali na USM Alger alifunga mechi zote mbili, Algiers na Lubumbashi, na Mazembe wakachukua kombe. Januari 2016 kule Abuja akatangazwa mchezaji bora wa mwaka kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huo huo Genk ya Ubelgiji wakamsajili.

Hapo Ulaya ilimpokea mtu aliyeiva. Agosti 2018 aliwafunga Brøndby wa Denmark mabao matatu katika mchezo mmoja. Msimu ule wa 2018/19 alipachika mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Novemba 2019 aliwafunga Liverpool kwa kichwa, nyumbani kwao Anfield, wakati Liverpool ni mabingwa wa Ulaya. Na tangu alipoondoka Simba hadi siku anatia saini Villa ilikuwa imepita zaidi ya miaka minane.

Wala si yeye peke yake aliyepanda kwa ngazi. George Weah wa Liberia alipitia Tonnerre ya Yaoundé, Cameroon, kabla ya Monaco mwaka 1988, na mwaka 1995 akawa mchezaji bora wa dunia. Hugo Sánchez wa Mexico, aliyefunga mabao 38 katika ligi ya Hispania msimu wa 1989/90 akiwa Real Madrid, alikaa kwanza miaka minne Atlético.

Kwetu hapa ngazi ina pengo. Mwaka 2017 Zanzibar ilikubaliwa CAF kuwa mwanachama kamili mwezi Machi, ikafutwa Julai. Klabu zetu huingia mashindano ya Afrika, lakini mara nyingi hutoka mapema, na mfungaji wetu huwa amepata mechi mbili tu za kuonekana. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kijana wa Unguja bado ni boti ya Dar es Salaam. Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga mwaka 2018, na msimu wa 2023/24 akiwa Azam alifunga mabao 19 ya ligi, mawili pungufu ya Aziz Ki aliyeongoza, naye ni kiungo, si mshambuliaji.

Lakini mzazi akiambiwa Dar anaona ni karibu mno, ni pale pale tu. Ndipo anapokuja bwana mmoja na simu mbili, anasema mwanao nitampeleka Qatar, au Uturuki, akafanye majaribio. Kinachotakiwa ni pesa ya viza na tiketi. Kuna mama huuza dhahabu yake kwa maneno hayo. Naomba wazazi wanisikilize vizuri hapa. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, mfano wazazi wake wenyewe wamehama kwa jambo lisilohusu mpira. Kwa hiyo anayekutaka mwanao wa miaka 16 umwulize: ni klabu gani, barua yake iko wapi, na mtoto atasajiliwa kwa kifungu gani? Kisha barua hiyo ichukuliwe ofisi ya shirikisho la mpira, isomwe na watu wanaozijua kanuni, kabla ya kitu chochote kuuzwa.