Fuga maji kwanza, samaki atafuata

Juma lililopita tulizungumzia bei ya samaki sokoni. Leo nabaki na samaki, lakini huyu si wa kukaanga wala wa kuchoma. Ni samaki wa kutazama.

Wapo wakazi wa miji yetu wanaopenda kuweka tangi la kioo sebuleni, na katika maduka ya samaki wa mapambo yupo mmoja ambaye ukishamwona macho hayabanduki. Ni bapa na mviringo kama sahani, ana michirizi ya buluu juu ya rangi ya chungwa au nyekundu, naye huelea taratibu kama mtu asiyedaiwa. Anaitwa diskasi. Wafugaji wamempa cheo cha mfalme wa tangi. Bei yake nayo ni ya kifalme, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Nimepata barua zaidi ya moja zenye kilio kile kile. Mtu ananunua tangi asubuhi, mchana analijaza maji ya bomba, jioni anatia samaki wanne. Siku tatu za kwanza nyumba nzima inashangilia. Juma la pili samaki wanakuwa weusi, wanajibanza pembeni, wanahema juu juu, na kabla mwezi haujaandama watoto wanachimba kaburi uani. Baba mwenye nyumba analalamika kwamba ameuziwa wagonjwa. Wengine wanataja mkosi, na mmoja amefika hata kumshuku jirani.

Jirani mwacheni. Aghalabu kilichowaua samaki hao ni maji. Nami leo sina neno kubwa la kuwaambia ila hili: anayetaka kufuga diskasi, kwanza afuge maji. Maji yakiwa mazima, kazi iliyobaki ni ndogo.

Hebu tumtazame samaki huyu kwao. Diskasi ni wa bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1840. Huko kwao maji ni ya vuguvugu, ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, tena yana uchachu kidogo kwa sababu ya majani na magogo yanayooza humo. Wengi wanaouzwa leo hawakuvuliwa mtoni. Wamezalishwa na wafugaji, hasa wa Asia na Ulaya, nao huvumilia maji ya kawaida kuliko babu zao. Lakini kuvumilia maji ya kawaida si kuvumilia maji machafu, wala maji yanayogeuka tabia kila siku.

Kwa ukoo, diskasi ni jamaa wa perege na sato. Tusidanganywe na udugu huo. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa nao ni wa ukoo huo huo, lakini maji yao ni magumu. Katika kile kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho namba 7 ndiyo katikati, maji ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9, hali diskasi anataka kati ya 6 na 7. Ukiwaweka tangi moja, lazima mmoja wao aumie.

Sasa tuanze na nyumba yake. Diskasi mzima hufikia sentimita 15 na zaidi, na hapendi kuishi peke yake. Tena wawili au watatu hawatoshi, maana mwenye nguvu atamwonea mnyonge mpaka amwue. Anza na watano au sita, ili ugomvi ugawanyike. Kila mmoja mhesabie lita 40 za maji, kwa hiyo tangi liwe na lita 200 kwenda juu. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50 huchukua lita 270, nalo linafaa sana. Lakini kumbuka kwamba lita 270 ni kilo 270, bado uzito wa kioo. Meza ya kahawa haiwezi kazi hiyo. Tafuta fundi akutengenezee stendi imara, uiweke mbali na dirisha lenye jua na mbali na mlango unaobamizwa.

Chini ya tangi, anayeanza asitie mchanga wala kokoto. Aliache tupu ili uchafu uonekane na uvutwe kwa mpira. Gogo moja lililolowekwa vizuri na mimea michache kwenye vyungu vyatosha kumpa samaki mahali pa kujificha. Vifaa vya lazima ni chujio lenye pampu, hita yenye kujizima, kipimajoto, na vile vichupa vya kupimia maji. Mtu asiyetaka kununua vichupa hivyo ni sawa na dereva asiyetaka breki.

Hapa ndipo penye mauti, kwa hiyo naomba tusikilizane. Samaki hunya ndani ya maji yale yale anayovuta pumzi. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Kwa rehema ya Mungu wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ndogo. Bakteria hawa hukaa ndani ya sponji ya chujio. Tangi jipya hawamo. Huchukua majuma manne hadi sita kuzaliana wakatosha, na katika majuma hayo ndipo samaki wa wenye haraka wanapokufa.

Basi washa chujio tangi likiwa halina samaki. Kila siku tupia chembe chache za chakula cha samaki zioze humo, na upime. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti nayo vile vile. Zote mbili zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, na chembe unaendelea kutupia, badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo uende dukani. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lisilo na maradhi, mwombe kipande cha sponji yake, kitafupisha safari. Na ukisafisha sponji, ikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Ukiiosha bombani, dawa ya maji itawaua bakteria wote, na utakuwa umerudi siku ya kwanza.

Dawa hiyo ninayoitaja ni klorini. Hutiwa ili sisi tusipate kipindupindu, lakini huunguza matamvua ya samaki. Yaache maji kwenye pipa lililo wazi siku moja, pampu ya hewa ikiyachemsha mapovu, klorini itaondoka. Ipo aina nyingine ya klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi. Hiyo yahitaji dawa maalumu ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Maji ya kisima je? Visima vingi vya miji ya pwani vina chumvi na chokaa, havimfai. Maji ya mvua ni laini, lakini acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha changanya na ya bomba, kwani maji ya mvua matupu hugeuka uchachu ghafla. Juu ya yote, usiwe mtu wa kufukuzia namba kwa madawa. Maji yenye pH 7 yasiyobadilika ni bora kuliko ya 6 leo na 7 kesho.

Joto liwe nyuzi 28 hadi 30. Hapa Dar es Salaam hita haifanyi kazi kubwa ila miezi ya Juni hadi Agosti. Wasikilizaji wetu wa Arusha na Nairobi hawana budi kuwa nayo mwaka mzima. Maji ya moto hushika hewa kidogo, kwa hiyo mapovu ya pampu ni ya lazima. Umeme ukikatika, usiwalishe. Funika tangi kwa blanketi kama ni penye baridi, na kila baada ya muda chota maji kwa jagi uyamimine humo humo kutoka juu ili yapate hewa.

Nije kwenye chakula. Samaki wazima wape mara mbili au tatu kwa siku, wadogo mara nne au tano, kila mara kiasi cha kumalizika kwa dakika tano. Kinachobaki kitoe. Chakula cha punje cha dukani chenye protini nyingi ndicho kiwe msingi, ukikibadilishia na kamba waliosagwa au funza wekundu wa majini waliogandishwa. Wengi hutumia moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta na mishipa yote, ukasagwa na kugandishwa. Huwanenepesha wadogo, lakini huchafua maji upesi, kwa hiyo usiufanye chakula cha kila siku. Funza hai wa mitaroni huleta maradhi. Mkate, wali na ugali ni vyakula vyetu sisi.

Samaki akisusa chakula na kugeuka mweusi, usikimbilie dawa. Pima maji kwanza. Na mgeni yeyote akae kwenye tangi la pembeni mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Maji ya tangi lazima yabadilishwe, angalau theluthi kila juma, na samaki wakiwa wadogo zaidi ya hapo. Theluthi ya lita 270 ni lita 90, karibu madumu matano. Ndugu zangu, katika mji huu kuna akina mama wanaoamka alfajiri kupanga foleni kwa dumu moja, na wanalinunua. Sisemi kufuga samaki ni dhambi. Mimi mwenyewe ninao sebuleni, na usiku nikitoka kazini hunituliza kuliko televisheni. Lakini nyumba ambayo bomba lake hutoa maji mara moja kwa juma haina haki ya kununua diskasi, kwa sababu siku maji yatakapokosekana itabidi achaguliwe nani apate, mtoto au samaki, na jibu tunalijua. Samaki hakuomba aletwe.

Mwenye maji naye asiyamwage. Yale ya tangi, kama hukutia chumvi wala dawa, yana ile nitreti, nayo ni mbolea. Mwagia mchicha. Jirani atakayekuona unabeba ndoo kila Jumamosi pengine atakucheka. Atakapoona mchicha wako, atakuja kuomba mbegu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.