Jina Kabla ya Kisu

Kabla mpasuaji hajakata ngozi ya mgonjwa, orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani inawataka wote waliomo chumbani wataje majina na kazi zao. Ni jambo dogo, karibu la kitoto. Lakini muuguzi ambaye sauti yake imeshasikika mara moja hapati taabu kusema tena: "Daktari, kitambaa kimoja cha kufyonzea damu hakionekani." Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mtu atauliza: si karatasi tu iliyofanya kazi, huku kuaminiana kwa waliotajiana majina kunaingiaje? Swali la haki. Mwaka 2014, utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha ya namna hiyo, haukuona punguzo la maana la vifo. Sababu zinabishaniwa, mimi naona karatasi hutiwa vema hata na watu wasiosemezana. Wengine wanahofia kwamba mdogo akimsahihisha mkubwa, heshima itapotea. Lakini mpasuaji anayejibu "Asante, tuhesabu tena" hapungukiwi kitu, na kesho muuguzi yuleyule atasema mapema zaidi.