Gari Lako Kabla ya Kuvuka Mpaka
Maneno yaliyosemwa kwa wamiliki wa magari, Katuna



Mpaka huu tunauvuka kwenda sokoni na misibani, hata tumeuzoea kama kizingiti cha nyumba. Lakini bima ya kawaida ya gari haivuki pamoja nanyi. Anayegonga mtu ng'ambo bila bima inayotambuliwa huko aweza kuuza shamba ili alipe, na aliyegongwa aweza kukosa matibabu.

Kinga yake ni Kadi ya Njano ya COMESA. Ichukueni kwa kampuni yenu ya bima kabla ya safari, mkihakiki nchi na tarehe zilizoandikwa. Hiyo hulipa fidia ya mliyemdhuru. Gari lenu wenyewe lahitaji bima kubwa, nanyi ulizeni kwanza kama yafika ng'ambo.

Milima yetu haisamehi breki mbovu. Kanyagio likizama, au gari likivuta upande mmoja mnapofunga breki, msivuke, mwoneni fundi. Katika mteremko mrefu tumieni gia ndogo, breki zisipate moto zikaishiwa nguvu.

Uganda twaendesha kushoto, Rwanda kulia. Taa zilizotengenezewa kushoto humpiga machoni anayekuja upande wa pili. Mwambieni fundi azirekebishe, au safirini mchana.

Ajali ikitokea, msipatane kando ya barabara. Wapelekeni majeruhi hospitali, mwiteni polisi, mpate taarifa ya maandishi. Bila hiyo, madai ya bima hukwama.

Mwende salama, mrudi salama.