Ruzuku Hujenga, Wenyeji Hulinda



Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na usafi wa kiwango kinachofaa. Kufikisha huduma hizo ni kazi ya kaunti. Lakini penye wakazi wachache au kipato kidogo, mauzo ya maji hayarudishi gharama ya kutandaza mabomba, na huduma huchelewa kufika.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na Hazina ya Sekta ya Maji, shirika la serikali kuu linalofanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Hazina hiyo hutoa ruzuku kwa kaunti na kwa miradi ya jamii, mashambani na katika mitaa ya mabanda.

Ruzuku hujenga, lakini ulinzi ni wa wenyeji. Pampu ikiharibika na kamati haina akiba, kioski cha maji hufungwa, na mama hurudi mtoni na mtungi wake. Kipindupindu hakiulizi nani alizindua mradi.

Kwa hivyo, kila anayechota alipe ada iliyokubaliwa. Kamati isome hesabu zake barazani, na wananchi waulize maswali. Anayeona bomba likivuja aripoti siku hiyo hiyo. Mitungi ioshwe, vyoo vitumike, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Maji yakimwagika hayazoleki, na pesa za mradi ni vivyo hivyo.