Mzio wa Penisilini na Haja ya Kuuchunguza Upya: Mazungumzo ya Afya kwa Wananchi



Wako watu wengi ambao kadi zao za matibabu zimeandikwa maneno mawili tu: "Asipewe penisilini." Mara nyingi maneno hayo huandikwa mtu akiwa mtoto mdogo, kisha humfuata hadi uzeeni bila ya kuulizwa tena. Mazungumzo haya yanaeleza kwa nini inafaa yaulizwe, na vipi yaulizwe kwa usalama.

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Amoksilini na ampisilini ni za ukoo huo huo. Dawa hizi hutibu mafindofindo, kichomi na maradhi mengine mengi, na bei yake ni nafuu. Mtoto aliyepata homa ya baridi yabisi hupigwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili moyo wake usizidi kuharibika. Kwa mama mjamzito mwenye kaswende, hiyo ndiyo dawa pekee inayotegemewa kumtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo, anayenyimwa dawa hii bila ya sababu hupata hasara ya kweli. Hupewa nyengine ambazo aghalabu ni ghali zaidi, na ambazo zikitumiwa ovyo huvipa vijidudu nafasi ya kuzizoea.

Je, wote walioandikiwa hivyo wana mzio, yaani aleji? La. Nchini Marekani, kiasi cha mtu 1 katika kila 10 ameandikiwa kuwa na mzio wa penisilini; lakini wakichunguzwa, zaidi ya 9 katika kila 10 kati yao huonekana kuwa wanaweza kuitumia. Mjini Montreal, Kanada, watoto 818 walioshukiwa kuwa na mzio wa amoksilini walipewa dawa hiyo mbele ya madaktari. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionesha kuwa 94 katika kila 100 hawakudhurika.

Sababu za kukosea ni nyingi. Mtoto mwenye homa ya virusi hupewa amoksilini, na siku ya tatu akatoka vipele. Vipele ni vya virusi, lakini lawama huibeba dawa. Kutapika na kuharisha ni madhara ya kawaida ya dawa, wala si mzio. Wengine huikataa kwa kuwa mzazi au ndugu yao alidhurika, hali ya kuwa hiyo si sababu ya kuinyimwa. Aidha, hata mzio wa kweli hupungua: baada ya miaka 10, kiasi cha watu 8 katika kila 10 waliokuwa nao huwa umewaondoka.

Hata hivyo, mzio wa kweli usidharauliwe. Mtu huweza kuvimba midomo na koo, kubanwa pumzi na kuanguka katika muda wa dakika chache, na asipowahiwa kwa sindano ya adrenalini huweza kufa. Kwa sababu hiyo, ni marufuku mtu kujijaribia dawa hii nyumbani.

Uchunguzi huanza kwa maswali. Ilikuwa dawa gani, ya kumeza au ya sindano? Nini kilitokea, na muda gani baada ya kuitumia? Ni miaka mingapi imepita? Je, mgonjwa alihitaji kutibiwa? Je, amepata kuitumia tena bila ya kudhurika? Majibu ndiyo yanayompa daktari njia ya kufuata.

Ikiwa hatari ni ndogo, mtoto au mtu mzima huweza kupewa dawa ya kumeza moja kwa moja, mahali penye vifaa vya dharura, na akaangaliwa kwa muda usiopungua saa moja. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliowashirikisha watu wazima 382 wenye hatari ndogo, njia hiyo ilionekana kuwa salama sawa na kuanza kwa kipimo cha ngozi. Mzazi huagizwa kuendelea kumtazama mtoto nyumbani kwa siku chache, kwani vipele vyengine huchelewa.

Ikiwa hatari ni kubwa zaidi, mtaalamu huanza kwa kuichoma ngozi kidogo penye tone la dawa. Mama mjamzito mwenye kaswende ambaye mzio wake umethibitika huzoeshwa penisilini hospitalini, kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa hatua kwa hatua, kisha akatibiwa. Ama yule ambaye ngozi yake ilibabuka na kuchunika, au aliyetoka vidonda mdomoni na machoni, huyo hajaribiwi tena.

Uchunguzi ukishaonesha kuwa hapana mzio, maandishi ya zamani yafutwe katika kadi na katika jalada la hospitali, na jamaa waambiwe. Vyenginevyo kazi yote itakuwa bure.

Wananchi wanaombwa wazitazame kadi zao na za watoto wao, na wenye maandishi hayo wamuulize daktari mapema, wakiwa wazima, kabla ya maradhi kuwalazimisha. Mpaka watakapopata jibu lake, waendelee kumwarifu kila anayewatibu.