Slasha ya futi saba

Nyuma ya nyumba ya kaka yangu mkubwa huko Muheza, chini ya mwembe, kuna mashine ya kufyekea nyasi ambayo imefanya kazi siku nne tu. Ni ile inayofungwa nyuma ya trekta, mapanga yake yakizunguka chini ya bati kama feni iliyogeuzwa. Mafundi wetu huiita slasha. Ina upana wa futi saba. Kaka aliinunua kwa fedha ya kiinua mgongo chake, na mimi, sitajificha, ndiye niliyefuatana naye dukani Dar es Salaam nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Waliofika Muheza wanayajua machungwa ya kule. Wanayajua na majani yake pia. Masika yakishakolea, nyasi hupanda mpaka kifuani, na vichaka huchipua katikati ya mistari ya michungwa. Majani yale hunyang'anya miti maji, wachumaji huogopa nyoka, na mnunuzi akilitazama shamba la namna hiyo kutoka barabarani hupita zake. Kaka alikuwa na trekta kuukuu, Massey Ferguson 135, la kulimia na kuvutia tela. Akasema: lifyeke pia.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. "Mzee wangu, trekta lako lina nguvu za farasi 45. Slasha hula nguvu tano kwa kila futi moja ya upana. Saba mara tano ni 35. Unabakiwa na kumi za akiba." Akampigia na chai. Hesabu ile ukiipeleka kwa mwalimu wa darasa la tatu ataiwekea alama ya vema, na ndiyo maana tulilipa.

Makosa yalikuwa mawili, nayo nimeyaelewa baada ya hasara.

La kwanza, zile 45 ni nguvu za injini, tena injini ilipokuwa mpya. Slasha haifungwi kwenye injini. Inazungushwa na ile shafti fupi inayochomoza nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, na nguvu nyingine hupotea njiani kabla hazijafika huko. Katika 135 zinazofika ni kama 38 hivi. Sasa toa uchakavu: nozeli zimechoka, pampu imechoka, ringi zimechoka. Akiba ya kumi ilikuwa imebaki tatu au pungufu kabla hata trekta halijatoka uani.

La pili ni kubwa zaidi. Nguvu tano kwa futi ni kipimo cha nyasi laini zinazokatwa mara kwa mara, kama za uwanja wa mpira au kando ya barabara. Nyasi nene na mbichi zinataka saba. Vichaka vyenye shina la unene wa kidole gumba vinataka kama kumi. Kwa hiyo shamba la kaka lilihitaji nguvu 49 mahali penye nyasi tupu, na 70 penye vichaka. Tulikuwa tunamtwisha punda mzigo wa lori.

Siku ya kwanza trekta lilitoa moshi mweusi tangu mstari wa kwanza. Dereva akashusha gia hadi ya mwisho, bado injini ikawa inazama. Na slasha, msikilizaji, haikati kwa ukali wa makali yake pekee. Inakata kwa mwendo. Shafti ya nyuma hutakiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, na gia boksi ya slasha huongeza mwendo huo. Mapanga yanayochora duara la meta moja na nusu, yakizunguka mara 900 kwa dakika, ncha zake hukimbia kilometa 250 kwa saa. (Ndiyo maana jiwe likirushwa huua. Watoto wakae mbali, mbali sana, wala si hatua kumi.) Mwendo ukipungua, mapanga hayakati tena, huchana na kulaza. Tulikuwa tunaacha nyuma yetu mkeka wa majani yaliyolala, ambayo baada ya siku mbili yalisimama tena.

Siku ya pili ile boliti laini iliyo kwenye shafti ya slasha ilikatika mara mbili. Dereva akaona ni boliti mbovu ya dukani. Akachomoa boliti ngumu kutoka kwenye jembe la trekta, akaikaza. "Haikatiki tena, mzee," akasema, na kaka akamshukuru. Siku ya nne mapanga yalipiga kisiki cha mchungwa wa zamani. Kweli, boliti haikukatika. Zilizokatika ni meno ya gia boksi.

Fundi tuliyemwita aliifungua, akamimina mafuta yaliyojaa vipande vya chuma, akanitazama mimi badala ya kaka. "Bwana mtangazaji, boliti ile iliwekwa ife ili gia boksi ipone."

Ndiye aliyetupigia hesabu kwa kijiti mchangani. Nguvu 38 za nyuma, gawa kwa saba: unapata futi tano na kitu. Basi nunua futi tano, na penye vichaka ingia polepole kwa gia ndogo huku injini ikiunguruma vizuri. Akauliza kama tairi za nyuma zimetoka nje kiasi gani, kwa maana slasha inapaswa kufunika njia ya tairi, vinginevyo tairi hukanyaga nyasi ambazo hazitakatwa. Kwa bahati tairi za 135 huweza kusogezwa ndani. Akatuonyesha pia jambo ambalo lilinisisimua mwili: slasha ile nzito ilipoinuliwa, magurudumu ya mbele yalikuwa yanaelea mlimani, na usukani haukamati. Kaka alikuwa ameliona hilo akadhani ni tairi zimejaa upepo mno.

Mtu atasema: basi chukua trekta kubwa umalize. Jirani alifanya hivyo. Alikuwa na trekta la nguvu 80, akaazima slasha ya futi tano. Injini kubwa kama ile haihisi kisiki. Inaendelea tu kusukuma mpaka kitu kikubali. Gia boksi ya slasha nayo ina kiwango chake cha nguvu, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kibao kilichopigiwa misumari juu yake. Nani hukisoma?

Nilipokidokeza kisa hiki majuma mawili yaliyopita, msikilizaji mmoja wa Njombe aliandika kwamba yeye alifuata kipimo cha saba kwa futi, na bado trekta lake linazama. Ndugu yangu, uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na taabo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila meta 300 unazopanda. Kwako wewe 38 zinakuwa kama 30 tu, na slasha yako ni ya futi nne. Vitabu vya trekta havikuandikwa Njombe.

Ninalowaomba waagizaji wa zana ni dogo. Waandike kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya bei, namba mbili: nguvu zinazofika nyuma ya trekta, na nguvu ambazo gia boksi ya slasha inazistahimili. Fedha ya kiinua mgongo mtu huipata mara moja.

Mwaka huu kaka amefyeka kwa vibarua, na nusu ya shamba haikufikiwa. Juzi alinipigia simu. Kuna slasha ya futi tano iliyokwishatumika inauzwa Korogwe, akauliza nitakuwa na nafasi lini tukaiangalie pamoja. Nimemwambia aende na fundi.